Zamu ya Lango: Msanii Anaporudi Kwao

Askari anapopangiwa zamu ya kulinda tamasha la muziki, mara nyingi huiona kuwa ni kazi nyepesi. Hakuna adui wa kumkabili, hakuna mpaka wa kulinda, na wale wanaokuja wanakuja kwa furaha, wamevaa nguo zao nzuri, mikononi wana tiketi. Wapo hata askari wanaoona kwamba kupewa zamu ya namna hiyo ni bahati, kwa kuwa mtu atasikia muziki bila kulipa.

Tarehe 29 Oktoba, 2022, askari polisi wa mji wa Kinshasa, katika nchi jirani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walipangiwa zamu ya namna hiyo. Mwanamuziki Fally Ipupa, mzaliwa wa mji huohuo, alikuwa anatumbuiza katika uwanja wa Stade des Martyrs, ambao una nafasi ya watu wapatao 80,000. Usiku ulipokwisha, watu 11 walikuwa wamepoteza maisha. Waziri wa Mambo ya Ndani wa nchi hiyo, alipotangaza idadi hiyo, alieleza kwamba wawili kati ya marehemu hao walikuwa askari polisi.

Hao wawili hawakufa vitani, wala hawakupigwa risasi na majambazi. Walikwenda kulinda watu waliokuja kumsikiliza mwimbaji, nao wakafa pamoja na watu hao. Kwa sababu hiyo, habari za matamasha ya muziki hazifai kuachiwa kurasa za burudani peke yake. Ni habari za ulinzi na usalama, na zinamhusu kila mwanajeshi na kila askari polisi ambaye kesho au kesho kutwa ataamriwa kusimama langoni.

La kwanza la kufahamu ni kwamba tamasha la msanii katika mji wake wa nyumbani si sawa na tamasha lake penginepo. Anapokwenda ugenini, wanaomwendea ni wale wanaopenda nyimbo zake. Anaporudi kwao, wanamwendea pia wale waliosoma naye, waliocheza naye mpira uchochoroni, waliomjua mama yake, na vijana maelfu ambao hawajapata kumwona hata siku moja lakini wanajua kwamba alitoka mtaa kama wao. Fally Ipupa alizaliwa Kinshasa mwaka 1977, akapata sifa katika bendi ya Quartier Latin ya Koffi Olomide, na albamu yake ya kwanza akiwa peke yake ilitoka mwaka 2006. Mtu wa namna hiyo akisimama katika uwanja mkubwa wa mji wake, mji mzima huona kwamba siku hiyo ni yake.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Asiyekuwa na tiketi hajioni kuwa ni mgeni asiyealikwa. Hujiona kuwa ni mwenye nyumba aliyefungiwa mlango. Atangoja langoni, atasukuma, atatafuta ukuta ulio mfupi. Na mlinzi anayemwona kuwa ni mhalifu tu, asiitambue nguvu inayomsukuma, hawezi kuipima nguvu hiyo kabla haijamlemea.

Ili kuelewa jinsi maafa ya namna hii yanavyotokea, inafaa kulitazama tukio lililochunguzwa kwa kina kuliko mengi, lile la mji wa Houston, katika jimbo la Texas, nchini Marekani, tarehe 5 Novemba, 2021. Msanii wa siku hiyo alikuwa Travis Scott, mwimbaji wa muziki wa kufokafoka, ambao vijana huuita hip hop. Naye alikuwa kwao. Alizaliwa Houston na kukulia katika vitongoji vya mji huo, na tamasha lenyewe, liitwalo Astroworld, alilianzisha mwaka 2018 na kulipa jina la bustani ya michezo ya watoto iliyokuwa Houston na kufungwa mwaka 2005. Kwa vijana wa mji huo, jina hilo lilikuwa ni ukumbusho wa utoto wao. Msanii alikuwa amewarudishia kitu kilichopotea, nao wakaitika.

Tiketi zilizouzwa zilikuwa 50,000. Ulinzi haukukosekana. Mkuu wa polisi wa mji alieleza baadaye kwamba askari wake waliokuwapo walikuwa zaidi ya 500, mbali na mamia ya walinzi wa kampuni binafsi. Mtu akizisoma hesabu hizo mezani, ataona kwamba mambo yalikuwa yamepangwa vizuri. Tena kulikuwa na mpango wa kazi ulioandikwa, wenye kurasa zaidi ya 50. Mpango huo ulieleza la kufanya ikiwa hali ya hewa itachafuka, ikiwa mtu atafyatua risasi, na ikiwa mtu ataumia. Lakini haukueleza la kufanya ikiwa umati wenyewe utasongamana na kujibana. Hatari iliyokuwa karibu kuliko zote ndiyo iliyosahauliwa.

Dalili zilianza kuonekana mchana. Vijana wengi walivunja vizuizi vya langoni, wakaingia mbio bila kukaguliwa. Tangu saa ile, hesabu ya watu waliokuwa ndani haikuaminika tena. Hili ni jambo ambalo kila askari wa lango anapaswa kulishika moyoni: lango likivunjwa mchana, madhara yake huweza kuonekana usiku, mahali pengine kabisa, mbele ya jukwaa.

Usiku ulipoingia, jukwaa la pili lilikuwa limemaliza shughuli zake, na watu waliokuwa huko wakahamia kwenye jukwaa kuu. Katika kioo kikubwa cha jukwaa hilo iliwekwa saa iliyokuwa ikihesabu dakika zilizobaki kabla ya msanii kutokea. Kila dakika iliyopungua, watu walisogea mbele. Msanii alipopanda jukwaani baada ya saa 3 usiku, maelfu waliokuwa nyuma walisukuma mara moja ili wamwone. Waliokuwa mbele hawakuwa na pa kwenda. Wengi wa waliokufa walikuwa katika sehemu moja tu ya uwanja, iliyozungukwa na vizuizi vya chuma pande tatu, na upande wa nne ukazibwa na miili ya watu.

Hapa ni lazima kusahihisha kosa moja ambalo limeenea hata katika taarifa za vyombo vya usalama. Yanapotokea maafa ya namna hii, husemwa kwamba watu walikanyagana, na neno hilo humfanya msikilizaji awaone kama ng'ombe waliotishwa na simba. Lakini daktari wa serikali aliyechunguza maiti za Houston alitoa jibu jingine. Watu wote 10 waliokufa katika tukio hilo walikufa kwa kukosa hewa kwa sababu ya vifua vyao kubanwa. Mtu aliyebanwa hivyo huweza kuzirai na kufa angali amesimama, amewekwa wima na miili ya wenzake. Hawezi kupiga kelele, kwa sababu sauti inahitaji pumzi.

Wataalamu wa mambo ya umati wameeleza kwamba watu wanne katika kila mita moja ya mraba bado wanaweza kujiongoza. Wakifika watano, hatari imeanza. Wakifika sita au saba, mtu hana tena uwezo juu ya mwili wake, na umati mzima huenda kama maji yaendavyo katika mto uliofurika. Wimbi likianzia nyuma, halisimami mpaka limegonga ukuta. Aliye nyuma hajui kwamba aliye mbele anakufa. Anaona tu kwamba kuna nafasi kidogo, naye anasogea. Hakuna mwovu katika umati huo. Kuna watu wengi mno mahali padogo mno, basi.

Kwa hiyo marehemu wa Houston hawakuwa wahuni. Mdogo kuliko wote alikuwa mtoto wa miaka 9, aliyekuja tamashani akiwa na baba yake, na mkubwa kuliko wote alikuwa na umri wa miaka 27. Wanane walikufa usiku uleule, na wawili wengine wakafa hospitalini siku zilizofuata.

Sasa linakuja swali ambalo ndilo kiini cha mazungumzo haya. Je, nani alikuwa na mamlaka ya kusimamisha muziki?

Saa 3 na dakika 38 usiku, wakuu wa mji wa Houston walitangaza kwamba tukio hilo limekuwa maafa ya watu wengi. Lakini muziki haukunyamaza mpaka ilipopita saa 4 na dakika 10 usiku. Kwa zaidi ya nusu saa baada ya tangazo hilo, wauguzi walikuwa wakijaribu kuwarudishia watu pumzi chini, huku jukwaani nyimbo zikiendelea. Vijana wengine walipanda hata kwenye vibanda vya wapiga picha, wakawasihi wahudumu wasimamishe tamasha. Watu katika umati waliimba kwa pamoja wakiomba muziki usimame. Msanii mwenyewe alinyamaza mara kadhaa, na safari moja aliomba mtu aliyezirai asaidiwe, kisha akaendelea. Baadaye alisema kwamba hakutambua ukubwa wa hali ilivyokuwa.

Mpango ule wa kurasa zaidi ya 50 ulikuwa umeandika kwamba wenye mamlaka ya kusimamisha onyesho ni watu wawili tu, nao ni viongozi wa waandaaji. Mamia ya askari waliokuwa uwanjani wakiona kwa macho yao hawakuwamo katika orodha hiyo. Askari alikuwa na silaha, alikuwa na simu ya upepo, alikuwa na sheria nyuma yake, lakini hapakuwa na njia fupi na ya wazi ya kulifikisha neno lake jukwaani.

Ni haki kuutaja pia upande wa pili wa jambo hili. Mkuu wa polisi wa Houston alieleza kwamba huwezi kukatisha tu tamasha lenye vijana 50,000, kwa kuwa unaweza kuzusha ghasia. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kila kamanda aliyepata kuongoza kikosi mbele ya umati anajua kwamba amri ya ghafula inaweza kuzaa vurugu. Lakini kusimamisha muziki si sawa na kuwafukuza watu. Taa zikawashwa, sauti ikapunguzwa, na msanii mwenyewe, ambaye ndiye anayesikilizwa kuliko afisa yeyote, akawaomba wenzake warudi nyuma hatua mbili tatu, umati utapata nafasi ya kupumua bila mtu hata mmoja kutolewa nje. Baada ya dakika kadhaa, hali ikitengemaa, muziki unaweza kuendelea.

Kwamba jambo hilo linawezekana, limethibitishwa na msanii huyohuyo. Tarehe 4 Julai, 2022, miezi minane baada ya maafa ya Houston, Travis Scott alikuwa akitumbuiza huko Coney Island, katika mji wa New York. Alipoona mashabiki wamepanda juu ya vyuma vya kufungia taa, alisimamisha onyesho, akawataka washuke, nao wakashuka. Hapakutokea ghasia. Kilichohitajika ni mtu mwenye kipaza sauti kujua kwamba kuna hatari, na kukubali kwamba maisha ya mtu ni bora kuliko wimbo mmoja.

Uchunguzi wa polisi wa Houston ulichukua muda mrefu, na ripoti yake iliyotolewa Julai 2023 ilikuwa na kurasa zaidi ya 1,200. Mwezi uliotangulia, baraza la wananchi linaloamua kama kuna haja ya mtu kushitakiwa lilikuwa limeamua kwamba hakuna wa kushitakiwa kwa jinai, si msanii wala wengine waliochunguzwa. Madai ya fidia ya jamaa za marehemu yalimalizwa kwa makubaliano. Wako waliofurahi na wako waliolalamika. Lakini kwa mlinzi wa usalama, jambo la kuzingatia ni jingine. Watu 10 waliweza kufa mbele ya mamia ya askari, pasiwe na hata mmoja ambaye sheria iliweza kusema kwamba ndiye aliyewaua. Hivyo ndivyo inavyokuwa wajibu unapogawanywa kwa watu wengi bila kukabidhiwa yeyote. Kila mmoja ana kipande chake kidogo, na vipande hivyo havikutani. Tume iliyoundwa na gavana wa jimbo la Texas kutazama usalama wa matamasha iliona hivyo pia, ikashauri kwamba katika kila tamasha kubwa pawe na kituo kimoja cha amri, na mambo yatakayofanya onyesho lisimamishwe yawe yamekubaliwa mapema.

Pengine mtu atasema kwamba Houston ni mbali, na kwamba huko wana matamasha makubwa yasiyofanana na ya huku. Basi na arudi nyumbani. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, 2023, watu walikusanyika kuukaribisha mwaka mpya katika jengo la maduka la Freedom City, kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Entebbe. Ilipotimia saa 6 usiku, kama polisi walivyoeleza, mshereheshaji aliwahimiza watu watoke nje kutazama fataki. Walitoka. Fataki zilipokwisha, wengi walitaka kurudi ndani kwa pamoja, wakabanana katika njia nyembamba. Watu wasiopungua 9 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto.

Hapo hapakuwa na watu 50,000, wala hapakuwa na msanii maarufu wa dunia. Kulikuwa na mlango, kulikuwa na sauti ya kipaza sauti, na kulikuwa na dakika chache ambazo hakuna aliyezipanga. Sauti ileile iliyowaalika watu watoke ilikuwa na uwezo wa kuwaeleza namna ya kurudi, kwa zamu na kwa milango mingi. Lakini hakuna aliyekuwa amefikiri kwamba kurudi nako kunahitaji mpango.

Na Kinshasa nayo haikupona kwa tukio moja. Tarehe 27 Julai, 2024, katika uwanja uleule wa Stade des Martyrs, watu 9 walikufa katika msongamano kwenye tamasha la nyimbo za dini. Safari hii nyimbo zilikuwa za kumsifu Mungu, na waliokuja walikuwa waumini. Basi wale wanaodhani kwamba maafa haya huletwa na aina ya muziki au na tabia mbaya za vijana, wanapaswa kufikiri upya. Umati hauulizi kama wimbo ni wa dini, ni wa rumba, au ni wa kufokafoka. Unachotaka ni nafasi.

Kutokana na matukio hayo, yako mambo ambayo wanajeshi na askari polisi hawana budi kuyapima katika kazi yao.

La kwanza ni hesabu. Kiwanja kina kiasi chake, na kiasi hicho hakiongezeki kwa sababu msanii ni mwana wa nyumbani, wala kwa sababu mwandaaji ana jamaa yake ofisini. Askari anayepokea fedha kidogo langoni ili ampitishe mtu asiye na tiketi hudhani kwamba amempitisha mtu mmoja. Lakini wenzake kumi wakifanya hivyo katika malango kumi, kwa muda wa saa tatu, wamejaza uwanja kwa watu ambao hawamo katika hesabu yoyote. Baada ya maafa ya mwaka 2022, serikali ya Kongo ilisema kwamba waandaaji waliruhusu watu kupita kiasi cha uwanja. Watu hao hawakushuka kutoka mbinguni. Walipita mahali, na kila mahali palipopitika palikuwa na mlinzi au palipaswa kuwa naye.

La pili ni silaha ya moshi. Wanahabari waliokuwa Kinshasa siku ile ya Oktoba walieleza kwamba nje ya uwanja polisi walifyatua mabomu ya machozi ili kuutawanya umati. Bomu la machozi limetengenezwa kwa ajili ya watu walio na pa kukimbilia. Likitupwa penye watu waliobanwa, huwaongezea sababu ya kusukumana na kuwaondolea hewa ile kidogo iliyobaki. Majuma manne tu kabla ya hapo, tarehe 1 Oktoba, 2022, huko Malang nchini Indonesia, polisi walifyatua mabomu ya machozi ndani ya uwanja wa mpira. Watazamaji walikimbilia milango myembamba, na watu 135 wakafa. Askari wachache walishindwa na vijana walioingia uwanjani, wakatafuta njia ya haraka ya kuwaondoa, na njia hiyo ikageuka kuwa msiba wa taifa zima.

La tatu, ambalo pengine ndilo gumu kuliko yote, ni neno la askari wa chini. Katika umati, anayeona kwanza si kamanda aliye kwenye hema la amri. Anayeona kwanza ni askari wa kawaida aliyesimama kwenye kizuizi, ana kwa ana na msichana ambaye uso wake umebadilika rangi na mikono yake haiwezi kuinuka. Yeye ndiye anayejua, dakika kumi kabla ya wakuu wake, kwamba mambo yameharibika. Swali ni kama ana njia ya kusema, na kama akisema atasikilizwa.

Tarehe hiyohiyo ya 29 Oktoba, 2022, mji wa Seoul nchini Korea ya Kusini nao ulipata msiba. Vijana waliojaa katika uchochoro mmoja wa mtaa wa Itaewon walibanana, na watu 159 wakapoteza maisha. Baadaye ilifahamika kwamba wananchi walikuwa wamepiga simu polisi kuonya juu ya msongamano huo tangu saa 12 na dakika 34 jioni, zaidi ya saa tatu kabla ya maafa. Onyo lilikuwapo. Lililokosekana ni mtu wa kulipokea na kulichukulia kuwa ni amri ya kuanza kazi.

Nidhamu ya kijeshi inafundisha kwamba amri hushuka kutoka juu. Hilo ni sahihi, na bila hilo hakuna jeshi. Lakini nidhamu hiyohiyo inafundisha pia kwamba taarifa hupanda kutoka chini. Mlinzi wa doria anayeona adui halafu akanyamaza kwa kuogopa kumsumbua mkubwa wake hasifiwi kuwa na nidhamu, hushitakiwa. Vivyo hivyo, askari wa lango anayeona watu wanabanwa halafu akangoja aulizwe, ameacha lindo lake ingawa miguu yake ingali palepale. Na kamanda anayemkemea askari wa namna hiyo kwa kuleta habari mbaya, amejipofusha macho kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo kabla lango halijafunguliwa, afisa anayeongoza ulinzi wa tamasha anapaswa kuwa na jibu la maswali machache ya wazi. Je, ni nani, kwa jina, mwenye mamlaka ya kusimamisha muziki, na yuko wapi saa hii? Je, ujumbe wa askari aliye kwenye kizuizi utamfikia kwa njia gani, na kwa muda gani? Je, msanii ameelezwa kwamba akipewa ishara fulani atanyamaza na kuwatuliza watu wake? Je, milango ya kutokea iko wazi, au imefungwa kwa minyororo kwa kuogopa wasio na tiketi? Je, ni nani anayehesabu? Afisa asiye na majibu ya maswali hayo hajapanga ulinzi, amepanga askari tu.

Maswali hayo hayahitaji fedha nyingi wala mitambo kutoka nje. Yanahitaji kikao cha nusu saa, daftari, na ujasiri wa kumwambia mwandaaji tajiri kwamba leo hakutakuwa na tamasha mpaka milango ifunguliwe.

Vijana wataendelea kumpenda msanii wao, na wataendelea kumpenda zaidi siku anaporudi kwao. Hilo si kosa, wala halipaswi kumtia askari chuki. Kijana wa Kinshasa aliyemfuata Fally Ipupa, kijana wa Houston aliyemfuata Travis Scott, na mtoto wa Kampala aliyetoka nje kutazama fataki, wote walifanya jambo moja, nalo ni kwenda mahali walipodhani kwamba watu wazima wameshapatazama na kuona kwamba ni salama.

Wale askari polisi wawili wa Kinshasa walivaa sare zao jioni ile wakijua kwamba wanakwenda kazini. Jamaa zao hawakuagana nao kama watu wanaokwenda vitani. Heshima wanayoweza kupewa na wenzao walio hai, katika nchi yao na katika nchi jirani, si maneno matamu. Ni kwamba safari nyingine, askari aliye langoni akiinua simu ya upepo na kusema watu wanabanwa, awepo mtu wa kumjibu, na muziki usimame.